Muuguzi Yuko Ukurasa wa Ngapi? Mwongozo kwa Anayekwenda Mbele ya Kamati ya Bajeti ya Kaunti

Ilikuwa katika ukumbi wa jamii wenye paa la mabati na viti vya plastiki vya kukodi. Kamati ya bajeti ya bunge la kaunti ilikuwa imekuja kusikiliza maoni ya wadi yetu kuhusu makadirio ya mwaka unaofuata. Kwa saa nzima watu walisimama mmoja baada ya mwingine: huyu barabara, yule kisima, mwingine taa za sokoni. Mwenyekiti alitikisa kichwa, karani akaandika neno mojamoja. Kisha akasimama mama mmoja, mhudumu wa afya ya jamii, daftari mkononi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi sikuja kuomba zahanati. Zahanati tunayo. Imejengwa, imepakwa rangi, ina kufuli mlangoni na mbuzi wanalala barazani. Nauliza tu: mshahara wa muuguzi wa zahanati ile uko ukurasa wa ngapi?"

Karani aliacha kuandika. Afisa wa fedha aliivuta ile nakala nene iliyokuwa mezani, nakala pekee ukumbini mle, akaanza kuifunua. Alifunua kwa muda mrefu, na ukumbi mzima ukamngoja. Muuguzi hakuwamo.

Nimekaa katika vikao vingi tangu siku ile, na kila mtu anaponiuliza jinsi ya kuzungumza na kamati humrudisha kwenye swali lile. Kuomba tumeshazoea. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuuliza, na kutaka jibu lenye namba.

Jambo la kwanza ni wakati. Wengi wetu twaijua bajeti kwa ule mkoba wa Waziri wa Fedha mwezi Juni, unaoinuliwa mbele ya wapiga picha nje ya Hazina. Siku hiyo kazi kubwa imeshakwisha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeipa kila kaunti kati ya zile 47 za Kenya safari ya mwaka mzima. Kufikia tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefika bungeni. Kufikia tarehe 28 Februari, ifike hati ya mkakati wa fedha, ile inayosema kila idara itapewa kiasi gani. Kufikia tarehe 30 Aprili yafike makadirio yenyewe, na kufikia tarehe 30 Juni bunge liwe limeyapitisha. Mwaka mpya wa fedha unaanza kesho yake.

Vikao ambavyo watu huitwa kwa wingi ni vile vya Mei, makadirio yakishafika. Lakini kuna kanuni moja ambayo sijawahi kusikia ikielezwa kwa mwananchi kwenye kikao hata kimoja, nayo ndiyo inayoamua nusu ya mambo. Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinasema bunge likibadilisha makadirio, fungu la idara haliwezi kupanda wala kushuka kupita asilimia 1 ya kikomo chake. Tuseme idara ya afya imewekewa shilingi bilioni 2. Mwezi Mei, kamati yote ikikubaliana nawe kwa moyo mmoja, inaweza kuiongezea idara hiyo milioni 20 tu. Ombi la hospitali ya milioni 300 mwezi huo haliwezekani, hata mwenyekiti akiwa ndugu yako wa tumbo moja.

Vikomo hivyo hutoka kwenye hati ya Februari, na bunge lina siku 14 tu za kuipitisha. Kwa hiyo kama unataka pesa zihame kutoka idara moja kwenda nyingine, kwa mfano kutoka majengo ya makao makuu kwenda maji, fika Februari. Kama unataka zihame ndani ya idara ileile, Mei bado inakufaa, kwa sababu jumla ya idara haibadiliki. Ningependa msomaji alishike hili kuliko jambo jingine lolote katika makala haya. Nimeona vijiji vikichanga nauli na kutuma wazee watatu mjini mwezi Mei kudai kitu ambacho kilifungiwa mlango mwezi Machi, na hakuna aliyewaambia.

Pili, sheria hiyohiyo inasema bunge likiongeza matumizi mahali pamoja, lazima lipunguze mahali pengine kwa kiasi hichohicho. Mjumbe wa kamati anaijua hii. Mwananchi akisimama na kusema "tunaomba mtuongezee", mjumbe anaona mzigo: itambidi yeye atafute pa kukata, na kila pa kukata pana mwenyewe. Mwananchi akisema "tunaomba mtoe hapa mpeleke pale", amemfanyia nusu ya kazi. Basi usiende na mkono mtupu. Tafuta mafungu ambayo kila idara inayo: safari za ndani na za nje, ukarimu na viburudisho, mafunzo ya maafisa, samani, ukarabati wa ofisi, ununuzi wa magari. Linganisha na mwaka uliopita. Fungu lililopanda mara mbili bila maelezo ndilo unaloanza nalo. Ila usikate kwa hasira. Safari za ndani ndizo zinazompeleka afisa wa chanjo kijijini na afisa wa mifugo zizini. Ukizifyeka zote utakuwa umejikata mwenyewe. Uliza kwanza zinakwenda kufanya nini.

Hati yenyewe utaipata wapi? Tovuti ya kaunti ni mahali pa kwanza, na mara nyingi utakuta hati ya mwaka juzi. Nenda ofisi ya karani wa bunge la kaunti au idara ya fedha, na uombe kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Afisa ana siku 21 za kukujibu. Akinyamaza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Ombudsman. Nalisisitiza suala la lugha kwa sababu nimeona watu wazima, wenye akili zao timamu, wakinyamaza ukumbini kwa kuogopa Kiingereza cha makadirio. Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi, yote mawili, kwa Katiba. Ukiuliza kwa Kiswahili, aone haya yule asiyeweza kukujibu.

Ukishaipata, usijaribu kuisoma yote. Ni kurasa mamia, na nyingi hazikuhusu. Tafuta idara yako, kisha tafuta sehemu mbili: matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo. Hapa ndipo ilipolala siri ya zahanati yetu.

Maendeleo ni ujenzi, mabomba, mitambo. Matumizi ya kawaida ni mishahara, dawa, umeme, maji, mafuta ya ambulansi. Zahanati yetu iliandikwa kwenye maendeleo, ikapata pesa, ikajengwa. Upande wa pili hakuna aliyeandika chochote. Na ni rahisi kuona kwa nini. Jengo lina jiwe la msingi, lina utepe wa kukatwa, lina picha ya kubandikwa kwenye kalenda ya uchaguzi. Mshahara wa muuguzi hauna utepe. Isitoshe, sheria inaitaka kaunti iweke angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwenye maendeleo, na kanuni zinaitaka isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara na marupurupu. Ni masharti ya busara, yaliwekwa ili pesa zote zisiishie kwenye mishahara. Lakini afisa akitaka kukunyamazisha atayatumia: "Mama, tungependa kuajiri, ila sheria imetubana."

Jiandae kwa jibu hilo. Asilimia 35 ni ya kaunti nzima. Ndani yake wamo wauguzi, na wamo pia wasaidizi, washauri na maafisa wa ofisi za makao makuu. Kwa hiyo uliza: katika pesa zote za mishahara, za wahudumu wa afya ni kiasi gani na za ofisi ni kiasi gani? Je, wauguzi wangapi wamewekwa katika hospitali ya mjini, na kuna mpango gani wa kuwagawa? Na kabla kamati haijaidhinisha jengo jingine lolote la afya katika wadi, idara ionyeshe ukurasa wa mshahara wa atakayefanya kazi humo. Sharti hili la mwisho nimeliona likiandikwa kama pendekezo la kamati, na lilitokana na swali la mtu mmoja.

Kwenye orodha ya miradi ya maendeleo, kila mradi unapaswa kukujibu mambo matatu: ni nini, uko wapi, na ni kiasi gani. Ukikuta "ujenzi wa vivuko, kaunti nzima" na namba nene mbele yake, umekuta pesa zisizo na anwani. Mwaka ukiisha hakuna atakayeweza kusema kivuko chako hakikujengwa, kwa sababu hakikuahidiwa popote. Iombe kamati ilivunje fungu hilo wadi kwa wadi kabla ya kulipitisha.

Uliza pia ni sehemu gani ya pesa mpya itakwenda kulipa madeni ya zamani. Kaunti nyingi zimebeba madeni ya wanakandarasi waliokwisha kufanya kazi bila kulipwa. Barabara unayoifurahia kuiona katika bajeti ya mwaka huu yaweza kuwa ileile iliyomwagwa kifusi miaka mitatu iliyopita, na pesa hizi ni za yule aliyeimwaga. Ana haki ya kulipwa, maskini, kuna wanakandarasi wadogo walionyang'anywa malori na mabenki kwa kungoja. Ila wewe usihesabu barabara mbili mahali penye moja.

Kuna nyaraka mbili za kukupa nguvu. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti kila robo mwaka kuonyesha kila kaunti imetumia kiasi gani, idara kwa idara. Idara ikiwa imekaa miezi tisa na kutumia kidogo sana cha pesa zake za maendeleo, kabla ya kuiongezea kamati inapaswa kujua kulikoni. Ya pili ni ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Fedha za Serikali, ambayo Katiba inataka iwe imetoka ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia tarehe 31 Desemba. Ndani yake utakuta hati safi, au hati yenye dosari, au hati mbaya, au mkaguzi kukataa kabisa kutoa maoni kwa sababu hakupewa nyaraka za kutosha. Usiishie kwenye jina la hati. Soma aya zinazofuata: ndimo unamokuta jengo lililolipiwa lisilotumika, dawa zisizo na risiti, gari lisiloonekana. Ikitoka Desemba, unayo mkononi kabla ya Februari.

Kabla hujaandika, hakikisha unabisha mlango unaostahili. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Kaunti ina zahanati, vituo vya afya na hospitali zake, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji, masoko, barabara za kaunti, kilimo na mifugo. Shule za msingi na sekondari, polisi na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa, na bajeti yake hupitia Bunge la Kitaifa. Huko pia, Kifungu cha 221 kinailazimisha kamati kutafuta maoni ya umma kabla ya kupendekeza. Dakika tatu zako zikiishia kwenye madarasa ya shule ya msingi, kamati ya kaunti itakusikiliza na haitaweza kukufanyia lolote.

Sasa andika. Ukurasa mmoja, jambo moja. Kama kijiji kina mambo matano, kutaneni kwanza chini ya mwembe wenu, mchague moja, au mgawane watu watano kila mmoja na lake. Hivi ndivyo tulivyoandika mwaka uliofuata, namba nimezibadilisha:

"Sisi wakazi wa vijiji vitatu vinavyotegemea zahanati hii tunaiomba kamati ihamishe shilingi milioni 2 kutoka ukurasa wa 88, ununuzi wa samani za ofisi ya idara, ziende ukurasa wa 112, mishahara ya wauguzi, ili zahanati ipate wauguzi wawili kwa mwaka mmoja. Jengo lilikamilika na halijawahi kufunguliwa. Mama mjamzito kutoka hapa hupanda bodaboda hadi kituo kilicho karibu, na usiku bodaboda hazipatikani. Picha ya mlango uliofungwa imeambatishwa. Jumla ya idara haibadiliki."

Sentensi ile ya mwisho ni fupi, lakini ndiyo aliyoisoma mwenyekiti kwa sauti.

Toa nakala mbili. Moja ibaki kwa karani wa bunge. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Fanya hivyo hata kama utazungumza ukumbini. Maneno ya kinywa hufika kwenye ripoti ya kamati yakiwa yamekuwa "wananchi walitaka huduma za afya ziboreshwe".

Siku ya kikao, wahi. Orodha ya wasemaji hujaa mapema, na mara nyingine hujaa kwa watu waliokuja na gari la mheshimiwa. Anza na ombi lako, ndipo ueleze sababu; salamu ndefu na shukrani kwa viongozi wote waliohudhuria, kwa majina na vyeo, zitamaliza muda wako. Najua ni adabu yetu. Salamu moja kwa mwenyekiti na kamati nzima inatosha, na hakuna atakayekuona mkosefu wa heshima. Wanawake wakiwa wamekaa nyuma na hawajazungumza, mtu asimame amwambie mwenyekiti. Wanaochota maji na kupeleka watoto kliniki ndio wanaojua bajeti ilipovuja.

Mtaletewa daftari la kusaini mahudhurio. Saini, kwa kuwa ni ushahidi kwamba ulikuwapo, lakini soma kwanza kilichoandikwa juu ya ukurasa. Mahudhurio ni mahudhurio. Kuunga mkono bajeti ni jambo jingine, na yasichanganywe kwenye karatasi moja. Kama tangazo la kikao lilitoka juzi tu, au hati haikupatikana kabla, yaseme hayo na uombe yaandikwe. Mahakama huyazingatia. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo.

Na baada ya kikao? Hapa wengi huachia njiani. Kamati huandika ripoti na kuiwasilisha bungeni kabla ya makadirio kupitishwa. Iombe. Angalia kama ombi lako limetajwa, na kama limekataliwa, kwa sababu gani. Sheria haiilazimishi kamati kukubali kila maoni, lakini una haki ya kujua yako yaliishia wapi. Peleka nakala kwa mwakilishi wadi wenu, umwulize ana kwa ana, bila matusi. Yeye ndiye atakayepiga kura.

Kisha fuatilia bajeti ya nyongeza. Pesa zilizopitishwa Juni zinaweza kuhamishwa katikati ya mwaka, na vikao vya nyongeza hutangazwa kwa siku chache, watu wakiwa mashambani. Mradi wako unaweza kukatwa wakati huo bila kelele yoyote. Mwachie karani namba yako ya simu, umpigie kila mwezi. Na hesabu za mwaka zikifikishwa mbele ya kamati ya hesabu za umma ya bunge la kaunti, nenda ukakae na kusikiliza. Kamati hiyo ina mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kuita shahidi na kudai nyaraka. Afisa aliyekwambia hapana pesa atakuwa amekaa pale akieleza zilikokwenda.

Zahanati yetu ilifunguliwa mwaka wa pili. Tuliomba wauguzi wawili, tukapewa mmoja, naye hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi asubuhi kufuli linarudi mlangoni. Mwezi uliopita nilimpitia yule mama nyumbani kwake, nikamkuta ameweka makadirio mapya kwenye meko ya nje, juu ya gunia la makaa, akiwa amekunja kona ya ukurasa mmoja. Aliniuliza kama namjua mtu mwenye mashine ya kutoa nakala, maana karatasi za Februari alizihitaji kumi na mbili.